Maswali ya Wasomaji: Ndege za Kivita za Marekani na Urusi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu tumebishana kijiweni wiki nzima. Wao wanashikilia kwamba Su-35 ya Urusi inaishinda F-22 ya Marekani kwa sababu inajipinda angani kama mbayuwayu. Mimi nasema F-22 haina mpinzani. Tuamulie. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wana hoja, ila wameipima ndege kwa kipimo ambacho mara nyingi hakiamui vita vya leo. Su-35 ni hodari kweli wa kujipinda. Midomo ya injini zake inaweza kuisukuma pua juu, chini na pembeni, ilhali ile ya F-22 hugeuka juu na chini tu. Ufundi huo una historia: mwaka 1989, katika maonyesho ya ndege ya Paris, rubani Viktor Pugachev aliiinua pua ya Su-27, ndege ambayo Su-35 ilitokana nayo, mpaka ikapita wima, huku ndege yenyewe ikiendelea kwenda mbele, na watazamaji wakapigwa na butwaa. Lakini mbinu ile humaliza sehemu kubwa ya mwendo wa ndege, na rubani asiye na mwendo ni shabaha rahisi kwa adui wa pili aliye karibu.

Jambo zito zaidi ni nani amemwona mwenzake kwanza. Umbo la F-22, iliyoanza kazi jeshini mwaka 2005, hutawanya mawimbi ya rada pembeni yasimrudie aliyeyatuma, na makombora yake hufichwa tumboni. Su-35 huyaning'iniza yake chini ya mbawa, kwa hiyo rada huiona mapema, hata kama rada yake yenyewe ina nguvu nyingi. Wakikutana wawili tu, mbali kwa mbali, mimi nakupa wewe ushindi.

Hata hivyo, msiwadharau Warusi. Ujerumani ilipoungana mwaka 1990, ilirithi MiG-29, ndege za kivita za Kisovyeti, kutoka Ujerumani Mashariki, na marubani wa NATO walipofanya nazo mazoezi walikuta kwamba katika mapambano ya karibu rubani wa MiG alihitaji kugeuza kichwa tu: kifaa kilichofungwa kwenye kofia yake kiliionyesha shabaha, na kombora la R-73 likafuata alikotazama. Wakati huo marubani wa Marekani hawakuwa na kifaa hicho vikosini. Kasoro ya MiG-29 ilikuwa tangi dogo, hata ikalazimika kurudi nyumbani mapema.

Itazame pia ikiwa chini. MiG-29 za mwanzo, zinapokimbia ardhini, hufunga milango ya matundu makubwa ya kuvutia hewa na kuvuta hewa kupitia matundu madogo yaliyo juu, karibu na shina la bawa, ili injini isimeze kokoto, kwa kuwa waliozibuni walitaka ziweze kuruka kutoka viwanja vibovu vya mstari wa mbele. Katika kambi za Marekani, wanajeshi hupanga mstari na kutembea taratibu wakiokota vijiwe na skrubu kwa mikono. Nchi moja iliitengeneza ndege iuvumilie uwanja, nyingine huuandaa uwanja kwa ajili ya ndege. Kwangu mimi tofauti hiyo inaeleza mengi kuliko takwimu za mwendo.

Kisha kuna idadi. F-22 zilizoingia vikosini ni 187 tu, utengenezaji ulikoma mwaka 2011, na sheria ya Marekani inakataza kuziuza nje. Su-57, jibu la Urusi, iliruka mara ya kwanza mwaka 2010, ikaingia jeshini mwaka 2020, na bado ni chache. F-35, ndege nyingine ya Marekani ya kuikwepa rada, zimeshapita 1,000. Nyuma ya ndege hizo Marekani ina mamia ya ndege za kujaza wenzao mafuta angani, na hapo Urusi imeachwa mbali mno.

SWALI: Je, ni kweli kwamba elimu ya kuikwepa rada ilitoka Urusi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mwanafizikia wa Kisovyeti Pyotr Ufimtsev alichapisha mwaka 1962 hesabu za namna mawimbi yanavyotawanyika kwenye kingo za kitu. Wakubwa wake hawakuona ndani yake siri ya kijeshi, wakaruhusu ichapishwe. Jeshi la Anga la Marekani liliitafsiri, na katika miaka ya 1970 mtaalamu wa hesabu wa Lockheed, kampuni ya Marekani ya kuunda ndege, Denys Overholser, alizitumia hesabu hizo katika kazi iliyozaa F-117, ndege ya Marekani ya kuikwepa rada. Usiku wa tarehe 27 Machi 1999, F-117 moja iliangushwa Serbia na kombora la S-125, silaha ya Kisovyeti iliyoundwa katika miaka ileile ambayo Ufimtsev alikuwa akiandika hesabu zake.