Mpini wa shoka la kuchanjia kuni: jipime kabla hujaukata

Vijana wanaoanza kazi ya kuni hapa Wete, Pemba, hunijia na shoka jipya, makali yanang'aa, wakiniuliza kama chuma chake ni kizuri. Mimi hutazama mpini kwanza. Chuma kibovu kitakuchosha tu, lakini mpini mfupi utakukata mguu.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Nilianza na shoka la marehemu baba, alilokuwa akipogolea mikarafuu. Mpini wake ulikuwa dhiraa moja na inchi chache, na kwa kazi ile ulikuwa sawa kabisa: matawi membamba, mkono mmoja, pigo dogo. Siku moja tuliletewa gari la ng'ombe limejaa mvinje, kuni za shughuli ya harusi, nami nikasimama kuzichanja kwa shoka lile lile. Mvinje ni mgumu, na penye fundo hauingiliki. Pigo likateleza ubavuni mwa gogo, shoka likaendelea na safari yake, likaja kuishia kwenye ugoko wangu wa kushoto. Alama ninayo hadi leo.

Fahamu kilichotokea. Shoka linapoteremka huchora duara, na kitovu cha duara hilo ni mabega yako. Mpini ukiwa mfupi, duara nalo ni dogo. Ukikosa kuni, shoka halifiki ardhini mbele yako, bali linapinda kurudi miguuni. Mpini ukiwa mrefu, shoka lililokosa huchimba mchanga mbele ya vidole vyako, na hapo linasimama. Ndiyo maana mwenye shoka fupi asichanje kuni amesimama. Apige magoti, ili ardhi ilipokee shoka kabla ya mwili wake.

Basi urefu gani? Tumia vipimo vya wazee, maana viko mwilini mwako. Dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, kama inchi 18. Shubiri ni nusu yake. Wari ni dhiraa mbili, inchi 36, yaani sentimita 91. Kwa kuchanja, usishuke chini ya dhiraa na nusu (karibu sentimita 69), na usipite wari. Kisha jipime: weka kichwa cha shoka kiganjani, nyoosha mkono pembeni usawa wa bega, utazame mwisho wa mpini. Ukifika kwapani, hilo ni shoka la kukatia miti. La kuchanjia mimi hupenda lizidi hapo kwa upana wa kiganja.

Utasikia watu wakisema mrefu zaidi ndio wenye nguvu zaidi. Kuna ukweli ndani yake, kwani ncha ya mpini mrefu huenda kasi, na kasi ikizidi mara mbili pigo huzidi mara nne. Lakini pigo linalotua inchi mbili pembeni ya ufa halipasui kitu. Mtu mfupi akishika wari nzima hukosa shabaha, na kila akikosa, shingo ya mpini ndiyo inayogonga kuni, mpaka inavunjika. Mgeni wa kazi aanze na inchi 30 hivi. Kichwa kizito cha kilo tatu ndicho kinachodai mpini mrefu. Cha kilo mbili hakina haja hiyo.

Na gogo la kuchanjia lisipite goti. Likiwa juu zaidi, shoka linatua kabla halijapata kasi, ukaja kuulaumu mpini bure. Linapoteremka, kunja magoti uteremke nalo.

Kuhusu mti wenyewe, mimi sijapata ulioushinda mpera. Mkarafuu usiutie kabisa. Kila mchumaji anajua matawi yake yanavyokatika ghafla. Chagua kipande ambacho nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka ncha hadi ncha, bila fundo, na ukitazama kitako cha mpini, mistari ielekee upande mmoja na makali. Ukaushe kivulini miezi kadhaa. Mpini mbichi husinyaa ndani ya tundu la shoka, kabari inalegea, na siku moja kichwa kinaruka penye watu. Wengine huloweka shoka usiku ili mti uvimbe. Asubuhi linabana kweli, lakini likikauka linalegea kuliko jana.

Mpini mpya uache mrefu kidogo kuliko ulivyopima, ufanye nao kazi siku tatu nne. Mkono wa chini ukiuona kila mara unapanda wenyewe na kuacha kitako kikining'inia, weka alama pale unapotulia, shuka vidole vinne, ukate hapo.