Usaha kifuani: majibu ya maswali yenu

Mwanangu wa miaka 4 ana nimonia. Siku ya tano ya sindano homa ingali juu, sasa munganga anataka kumtia mpira wa kutolea usaha kifuani. Si waongeze sindano tu? (Mama wa Ndosho, Goma)

Mama, kubali leo hii. Homa isiposhuka baada ya siku mbili tatu za dawa inayofaa, tunatafuta usaha kati ya pafu na mbavu. Ukishatuama hapo, dawa ya mshipani huufikia kwa shida, na pafu linabanwa. Ekografi (kipimo cha mawimbi ya sauti) huonyesha ulipo. Huvutwa kidogo ukapimwe, kifua kikuu nacho kikitafutwa, kisha mtoto anapewa ganzi na mpira unapitishwa kati ya mbavu. Sindano zinaendelea. Wala msidai kisu kikubwa upesi: mwaka 1918, katika kambi za jeshi la Marekani, askari walipasuliwa vifua mapema mno, wakafa karibu 30 kwa kila 100. Tume aliyokuwamo daktari Evarts Graham ilipoonyesha kwamba hewa inayoingia ndiyo inayowaua, usaha ukatolewa bila kuacha kifua wazi, na vifo vikashuka chini ya 5.

Nilinunua tembe sita za amoksilini hapa Birere, homa imetulia. Niache?

Hapana! Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Dawa ya rejareja hutuliza homa huku usaha ukiendelea kujaa. Nenda ukasikilizwe kifua.

Kaka yangu anapelekwa radio (picha ya eksirei) akiwa na mpira kifuani. Chupa inayopokea usaha naibebaje? (Kijana wa Kyeshero)

Isimame wima, chini ya kifua chake wakati wote. Maji yaliyomo huzuia hewa isirudi. Ukiiinua, uchafu unarudi ndani. Mpira usipindwe, na usiubane kamwe mapovu yanapotoka: hewa ikinaswa ndani inaweza kumuua. Maji yakiacha kupanda na kushuka anapopumua, mwite muuguzi.

Mpira umeshindwa, wanataka kumpasua baba. Watamkata pafu?

Kwa kawaida hapana. Usaha uliokawia hugeuka gome gumu. Munganga hufungua kifua, akasafisha na kulibandua gome hilo ili pafu lifunguke. Kipande cha pafu hukatwa tu kikiwa kimeoza. Lakini ni operesheni nzito: ulizeni kama pana mtaalamu wa usingizi, damu na oksijeni. Kama hakuna, ombeni barua ya uhamisho leo, msingoje kikao cha ukoo.

Chanjo ya nimonia ni ya kulipia?

Ni bure, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Nchini Kongo ipo tangu 2011. Mpeleke mtoto.