Kabla seremala hajagusa HiAce yako, lala humo kwanza

Kazi yangu ni kutengeneza mizani: za madukani, za maghala ya mahindi, na zile za zahanati za kupimia watoto. Kwa miaka mingi nilitoka Morogoro kwenda Iringa, Makambako, Njombe hadi Mbeya nikilala gesti, na gesti zina mambo yake. Baa ya jirani haifungi, maji yanatoka alfajiri tu, na shuka hutaki kuuliza ilifuliwa lini. Nikachoka. Nikanunua Toyota HiAce ya mzigo iliyotumika, ya paa fupi, nikaamua kuigeuza gari la kulala, zile ambazo watalii wanaziita kampavani.

Tangu hapo kila nikiegesha mahali, kuna mtu atachungulia na kuuliza nilianzaje. Nilianza vibaya. Nililipa seremala mara mbili kwa kitanda kimoja.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilikaa na daftari nikaandika vitu: kitanda, jiko, maji, betri, sanduku la vifaa vya kazi. Nikapima sakafu: urefu mita 3 kasoro vidole viwili, upana mita 1.52, kimo mita 1.32. Nikajiambia vitu vyote vinaingia na nafasi inabaki. Upana huo haunitoshi kulala kwa kukingama, maana nina mita 1.74, kwa hiyo kitanda kikae kwa urefu wa gari, nacho kiinuliwe sentimita 70 ili madumu na masanduku yaingie chini yake. Kwenye karatasi kilipendeza kweli.

Usiku wa kwanza tuliulala mjini Mikumi, nyuma ya gesti moja ambayo mlinzi wake alikubali tuegeshe kwa elfu chache. Mvua ikaanza. Mke wangu akamimina chai kutoka kwenye chupa, akanipa kikombe, nami nikainuka kukipokea. Paa likanipokea kwanza. Toa sentimita 70 za kitanda, toa 10 za godoro, toa 6 za mbao za sakafu na za darini: kilichobaki ni sentimita 46. Mtu mzima akikaa wima, kuanzia makalio hadi utosini, anakwenda kwenye 88 hivi. Chai ile tuliinywa tumeegemea kiwiko.

"Baba Neema," mke wangu akasema gizani, "hiki umetengeneza kitanda au jeneza la watu wawili?"

Kwa hiyo kipimo cha kwanza usichukue kwenye gari, chukua kwenye mwili. Kaa sakafuni kwenu, mgongo ukutani, mtu aweke alama juu ya kichwa chako. Kipimo hicho, jumlisha godoro, kitoe kwenye kimo cha ndani baada ya kuhesabu mbao zote, ndipo utajua kitanda kinaruhusiwa kufika wapi. Kwangu jibu lilikuwa sentimita 28. Dumu la lita 20 likisimama linazidi hapo, na nikililaza linavuja kwenye mfuniko, hivyo madumu yalihama kabisa yakasimama nyuma ya mlango wa pembeni. Chini ya kitanda nikanunua masanduku ya plastiki yenye kimo cha 25. Angalia mpangilio: masanduku yalifuata kitanda, na kitanda kilifuata kichwa changu. Mwanzoni nilikwenda kinyumenyume.

Mara ya pili sikwenda kwa seremala na daftari. Nilichukua chaki nikachora sakafu ya gari uani, kipimo kamili, pamoja na yale mabonge ya matairi ya nyuma yanayojitokeza ndani na kula nafasi pande zote mbili. Kitanda kikawa mkeka, jiko likawa boksi la soda, madumu yakawa madumu yenyewe. Kisha tukaigiza siku nzima, mimi na mke wangu, majirani wakichungulia juu ya ukuta. Tumefika usiku, mvua inanyesha: nani anaingia kwanza, viatu vinavuliwa wapi, vyenye tope vinakaa wapi? Saa nane ya usiku mmoja anataka kwenda haja: anamruka mwenzake? Asubuhi nataka vifaa vya kazi kabla hatujatandua: vinatoka kwa mlango gani?

Maigizo ya nusu saa yale yaliokoa fedha kuliko kitu chochote. Tuligundua kwamba droo niliyoipenda sana ingegonga madumu kabla ya kufunguka nusu. Tuligundua pia kwamba vitu vya usiku (tochi, maji ya kunywa, sweta, ndoo yenye mfuniko, ndiyo, ile ndoo) lazima vifikiwe bila kushuka kitandani. Na jiko halikuwa na sababu ya kukaa ndani.

Hili la jiko najua wengi watalipinga, maana picha za mitandaoni zina sinki na kabati za kuning'inia. Ila kwa hali ya hewa yetu, kupika ndani ya chumba cha mita 3 ni kujitesa. Mlango wa nyuma wa HiAce unafunguka kwenda juu, tayari ni kibaraza. Nimeweka droo moja ndefu inayotoka nyuma chini ya mlango huo: jiko la gesi la plati mbili, sufuria mbili, kisu, chumvi. Napika nimesimama wima, mvua inapiga mgongo wa mlango, harufu ya vitunguu inabaki nje. Ndani nimepata karibu mita nzima ambayo ingeliwa na kabati. Mtungi wa kilo 6 unakaa kwenye kiboksi chake kando ya droo, chenye tundu chini kabisa linalotoka nje ya gari, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama sakafuni, haipandi juu kama moshi. Jiko la mkaa ndani ya gari usiliingize hata likiwa limebaki makaa matatu na Njombe kuna baridi ya mwezi wa saba. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu hupitiwa usingizini.

Halafu kuna mambo ya gari lenyewe, ambayo seremala hayajui na fundi gereji hatakwambia kwa kuwa hukumuuliza. Injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele. Ili kuifikia, kiti kinanyanyuliwa na kulazwa kwa nyuma. Ukipigilia kabati zuri nyuma ya kiti, siku ya kubadilisha oili utalibomoa. Nyanyua viti kabla hujapima, weka alama ya pale vinapoishia. Kwa sababu hiyohiyo ya injini, ukitoka safari ndefu sehemu ya mbele inabaki ya moto kwa muda mrefu. Sisi vichwa tunaelekeza nyuma. Jeki na tundu la kushushia tairi la akiba navyo visifunikwe. Na baina ya kitanda na usukani acha njia, hata ya kujipenyeza. Ukisikia jambo usilolipenda usiku wa manane, unataka kuwasha gari na kuondoka bila kufungua mlango.

Kuhusu uzito nitasema kidogo, ingawa ndiyo kazi yangu na ningeweza kujaza ukurasa. Karatasi nzima ya plaiwudi ya milimita 18 niliipima dukani kwangu: kilo 32. Ya milimita 9 ni nusu yake. Seremala wetu amezoea kutengeneza kabati za nyumba zisizosafiri, na ukimwachia atakujengea kwa 18 kila mahali, tena atakushauri mninga kwa miguu. Mwambie fremu ya mbao nyepesi, juu milimita 12 kwenye kulalia, pembeni 9. Kitanda changu cha kwanza kilikuwa kilo 71, cha pili 38. Tofauti hiyo ni dumu moja na nusu la maji ambalo springi za nyuma hazilibebi. Skrubu badala ya misumari, maana kwenye barabara ya vumbi msumari hujing'oa taratibu kama jino la mtoto. Betri upande mmoja, madumu upande wa pili, yote chini. Kwenye keria hapo juu weka vyepesi tu.

Umeme sikuuhangaikia. Taa mbili za LED, feni ya volti 12, chaji za simu. Betri ya asidi ya 100Ah (ampea-saa 100, yaani ampea moja kwa saa mia) haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo nahesabu ninazo ampea-saa 50, na feni yangu inakula ampea moja na kidogo. Usiku mzima haifiki 15. Friji sikuweka. Ukiiweka hesabu yote inabadilika, paneli na waya pia, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri.

Kwenye joto, sponji ya kuta inasaidia mchana, ila usiku kinacholeta usingizi ni hewa kuingia upande mmoja na kutoka mwingine. Mke wangu alishona vipande vya chandarua vyenye sumaku pindoni, vinanata kwenye bati la mlango kwa nje. Kazi ya jioni moja kwenye cherehani, na ndicho kitu ambacho wageni wote wanataka kukiiga.

Kabla ya yote hayo, kama gari lako lina viti vya abiria na unataka kuving'oa, nenda kwanza TRA, mamlaka ya mapato, uulize kuhusu kadi ya gari, kisha mwenye bima wako. Kadi inaandika idadi ya viti, na trafiki anajua kuhesabu.

Sasa Neema ana miaka minne na mama yake anataka asafiri nasi hadi Lushoto mwezi wa kumi na mbili. Kitanda kipana sentimita 110 hakitatosha watatu. Mimi nimependekeza kijitanda cha kitambaa juu ya viti vya mbele, mama yake anasema mtoto ataanguka kwenye gia. Jumamosi iliyopita chaki ilitoka tena, Neema akalala ndani ya mchoro huku akicheka, tukampima. Mita moja na sentimita mbili. Boksi la soda limerudi uani, na droo ya jiko inabidi isogee.