Anthropolojia si makabila ya kale tu

Mdogo wangu, umeuliza kama anthropolojia ni kuchunguza makabila ya kale tu. Hapana, ni elimu ya binadamu kwa ujumla. Matawi makuu ni manne: ya jamii na utamaduni, akiolojia (mabaki ya kale), isimu (lugha), na ya kibayolojia. Hapa Dodoma, michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni uwanja wa wanaakiolojia; Kisandawe, lugha yenye vidoko (sauti za kudokoa kwa ulimi), ni cha wanaisimu.

Kwenye mbinu, mimi naushikilia ushuhudiaji shirikishi, yaani kuishi na watu na kushiriki shughuli zao huku ukiwatazama. Usiende Ugogoni na hojaji ukarudi jioni! Kaa msimu mzima, palilia nao uwele, andika kila usiku ulichokiona. Kuhusu ng'ombe wa mahari, hojaji itakupa idadi; ukiwepo siku ya mazungumzo utaona nani anakaa wapi, nani akisema wengine wananyamaza.