Jibu: Manjano yanaweza kugandisha rezini kwa mwanga?

Ndugu, umeuliza kama kweli manjano ya jikoni yanaweza kugandisha rezini (utomvu mzito unaogeuka plastiki ngumu) kwa mwanga, au ni porojo tu. Si porojo. Tena huenda mdomoni mwako tayari una kitu cha ukoo huo: ukizibwa jino kwa ule ujazo mweupe, daktari humulika taa ya buluu kwa sekunde 20 hivi, ujazo ukawa mgumu kama jiwe. Mara nyingi kinachopokea mwanga huo ni kamforokwinoni, inayotengenezwa kutokana na kafuri, ile ile yenye harufu kali. Hufyonza zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 468 hivi, ikanyofoa hidrojeni kwenye amini (kemikali yenye nitrojeni) iliyo jirani. Radikali inayozaliwa hapo, yaani kipande cha molekuli chenye elektroni isiyo na mwenzi, ndiyo inayoanza kuunganisha molekuli za rezini kuwa mnyororo.

Kurkumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake, hufyonza karibu na nanomita 425, ila peke yake ni mvivu, ndiyo maana huongezewa chumvi ya iodoniamu, kemikali inayoisaidia kuzalisha radikali. Usichote unga wa dukani ukaumwaga kwenye rezini: kurkumini humo ni asilimia chache, kilichobaki zaidi ni wanga. Halafu hiyo rangi! Kitu chako kitatoka kama vidole vya mpishi wa biriani.