Marmite kwenye tosti: maswali yenu na majibu

Wiki iliyopita niligusia kidogo tu kwamba huku Uingereza asubuhi yangu ni chai na tosti ya Marmite, lile dude jeusi la hamira kwenye kichupa chenye mfuniko wa njano, na maswali yakamiminika. Nimechukua haya machache.

Mwenye nyumba wangu alinikaribisha Marmite nikapaka kama jamu, nusura nitapike. Jamani mnaipendea nini?

Pole sana, ila hapo kwenye "kama jamu" ndo shida ilipoanzia. Ile kitu ni chumvi kali, karibu sehemu moja kwa kumi ni chumvi, hakuna binadamu anayeweza kuilamba kijiko kizima akafurahi. Fanya hivi, choma mkate wako uive vizuri, ukiwa bado wa moto paka siagi usiibanie mpaka ianze kuyeyuka na kuzama, halafu chovya ncha tu ya kisu kwenye kichupa, ncha tu, uivute juu ya siagi mpaka uone michirizi ya kahawia na njano bado inaonekana chini yake. Basi. Siagi inatuliza ule ukali, na kinachobaki mdomoni ni ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama uliokaukia chini ya sufuria, na hakuna nyama hata kidogo humo. Wengi ninaowajua wanaosema wanaichukia walipakiwa nyingi siku ya kwanza, na mi inaniuma kweli maana hawajaionja bado.

Ni kweli imetokana na bia? Sisi Waislamu tunaruhusiwa?

Ni kweli. Mkemia Mjerumani, Justus von Liebig, ndo aligundua kwamba hamira inayobaki baada ya kupika bia inaweza kukamuliwa ikawa chakula, na mwaka 1902 kampuni ya Marmite ikaanza pale Burton upon Trent, mji wa viwanda vya bia, kwa hiyo hamira ilikuwa ya kumwaga. Hamira inatiwa chumvi na joto, inajimeng'enya yenyewe, maganda yanachujwa, kisha inachemshwa mpaka iwe nzito. Hulewi hata ule kichupa kizima. Lakini halali au si halali mi sio wa kutoa fatwa, muulize shehe wako, na umwambie wazi ilikotoka hamira asije akajibu bila kujua.

Mke wangu ni mjamzito na anaitamani kila siku. Haina madhara?

Hongereni! Hapa nna habari nzuri ya kumpa shemeji. Kwenye miaka ya 1920 mwishoni daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza kwa nini wajawazito maskini, wengine wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wanapungukiwa damu vibaya mno. Akawapa Marmite, wakapata nafuu, na mwaka 1931 akachapisha matokeo. Kilichowaponya baadaye kikaja kujulikana, ndo folate, aina ya vitamini B, ile ile ambayo leo kila mjamzito anapewa kwa vidonge vya foliki asidi. Yaani kitu cha bei rahisi kiliwasaidia akina mama ambao hakuna aliyekuwa anawahangaikia, kila nikiikumbuka hiyo napata heshima upya na kile kichupa. Ila shemeji asiache vidonge vya mkunga kwa sababu ya tosti, na kama presha iko juu apunguze, ile chumvi sio ya mchezo.

Vegemite si ndo hiyo hiyo?

Ni ndugu tu. Vegemite ni ya Australia, Cyril Callister aliitengeneza Melbourne ikaingia sokoni 1923, ni nzito zaidi na haivutiki kama Marmite. Na New Zealand wana Marmite yao tofauti, tamu kidogo. Tetemeko la Christchurch lilipoharibu kiwanda, mwaka 2012 ikaisha madukani, watu wakakaa karibu mwaka mzima wakiisubiri.

Mtoto ana miaka miwili anaililia sahani yangu, nimpe?

Mpe, ila kidogo mno. Huku wanashauri mtoto wa umri huo asizidishe gramu 2 za chumvi kwa siku nzima, na mkate wenyewe una chumvi tayari.

Nimepaka kiduchu, na siagi, bado siipendi. Mume wangu anasema najidai.

Hujidai dada. Uchungu na ukali kila mtu anausikia kivyake, na wenyewe Marmite tangu 1996 wanatangaza kwamba utaipenda au utaichukia. Mwambie shemeji akuache na jamu yako. Ila kama kuna kichupa ndani usikitupe, tia kijiko kimoja kwenye mchuzi wa dengu au maharage, punguza chumvi yako ya kawaida, na usimwambie mtu mpaka wamalize kula.