Maswali ya Wasomaji: "Labour" kwa u, "Organization" kwa z

Ofisini kwetu tunaandikiana na International Labour Organization. "Labour" ina u ya Waingereza, lakini "Organization" ina z ya Wamarekani. Nikiandika "organisation" nimekosea? (Karani, Nakuru)

Hujakosea, na wao hawajachanganya. Tumezoea kuambiwa shuleni kwamba z ni ya Wamarekani peke yao, jambo ambalo si kweli. Kiambishi "-ize" kilianzia kwenye Kigiriki, "-izein", kikapitia Kilatini kikawa "-izare", na kote huko ni kwa z. Wafaransa ndio wanaoandika "-iser", na Waingereza wengi wakawafuata. Kamusi za Oxford zimeishikilia z mpaka leo kwa kuheshimu asili hiyo, na Umoja wa Mataifa unafuata Oxford. Ndiyo maana utakuta World Health Organization, na papo hapo World Food Programme yenye "-mme" ya Uingereza.

Jina la shirika liandike jinsi lenyewe linavyojiandika. Katika maneno yako mwenyewe, chagua s au z, uishike kuanzia barua inapoanza hadi sahihi. Ukichagua z, jihadhari na "advertise", "exercise", "supervise", "surprise" na "revise". Haya ni ya s daima, kwa sababu "-ise" yake haikutokana na kile kiambishi cha Kigiriki. Katika "supervise" na "revise", kwa mfano, s hiyo ni ya mzizi wa Kilatini wenye maana ya kuona. Na "analyse" huandikwa kwa s hata na Oxford. "Analyze" kwa z ni ya Marekani.

Kwa nini "humour" ina u, lakini "humorous" haina? (Mwalimu, Morogoro)

Kilatini kina "humor", "color", "labor". Ile u iliingia Uingereza pamoja na Kifaransa cha Wanormani. Neno likivishwa kiambishi chenye asili ya Kilatini, kama "-ous", "-ary" au "-ation", aghalabu u huanguka: "humorous", "honorary", "laborious", "coloration". Likivishwa "-ful", "-less", "-able" au "-ite", u hubaki: "colourful", "honourable", "favourite". Kwa hiyo "humourous" ni kosa London na ni kosa Chicago, wasahihishaji wasilihurumie.

Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, aliandika hata "horrour" na "governour", ambazo Waingereza wenyewe wameziacha. Noah Webster, katika kamusi zake za 1806 na 1828, aliiondoa u kwenye "color" na "honor", na Marekani ikafuata.

Kompyuta inapiga mstari mwekundu chini ya "labour" na "centre". Nifanyeje? (Mwanafunzi wa chuo, Mwanza)

Programu imewekwa Kiingereza cha Marekani. Kwenye Word, kwanza bonyeza Ctrl+A ili kuchagua maandishi yote. Ukiruka hatua hii, yaliyokwisha kuandikwa yatabaki na lugha ya zamani. Kisha fungua Review, Language, halafu Set Proofing Language, uchague Kiingereza cha Uingereza. Kabla ya kufunga, bonyeza Set As Default ili faili zijazo zifuate mpangilio huo.

Mpangilio huo unakubali "organise" na "organize" vilevile, hivyo hautakuonya ukizichanganya. Bonyeza Ctrl+F, tafuta "iz", upitie neno moja moja.